Wifi ananiuzia chai ya kusafisha tumbo, na bila hiyo sipati choo

Salamu kwako mshauri,

Nimeitunga barua hii kichwani mara nyingi nikiwa kwenye matatu, na kila mara naona haya kabla sijaimaliza. Leo naiandika kweli, maana mambo yamefika mahali siwezi tena kunyamaza. Naomba jina langu lisitajwe.

Mimi ni mke na mama wa mtoto mmoja, nina miaka 34. Tunaishi mtaa wa Pipeline, Nairobi, ghorofa ya nne, chumba kimoja. Choo ni cha pamoja, kiko mwisho wa korido, na wapangaji wote wa ghorofa yetu wanakitumia. Mlango wake haufiki chini. Anayesubiri nje na ndoo yake husikia kila kitu, na asubuhi hakukosi foleni. Kuna kijana wa chumba cha jirani anayeniamkia kwa heshima sana, na yeye huwa kwenye foleni hiyo. Mtu akiwa amesimama pale siwezi kabisa kwenda haja kubwa. Naingia, nachuchumaa, kila kitu kinafunga, natoka.

Haya hayakuanzia Pipeline. Nilisoma shule ya bweni ambako vyoo vilikuwa mbali na havikuwa na milango, na wasichana wa madarasa ya juu walikuwa wakipita wakicheka. Nikajifunza kujizuia mpaka usiku wa manane, au mpaka Jumapili wenzangu wakiwa ibadani. Nimejizuia hivyo tangu utotoni.

Kazini nako ni yale yale. Ninahudumu katika duka la M-Pesa mjini, upande wa barabara ya Ronald Ngala, na niko peke yangu kutoka asubuhi hadi jioni. Mwenye duka hataki lifungwe hata dakika kumi, kwa sababu ya floti, yaani pesa za kuhudumia wateja, na kwa sababu mteja akikuta kufuli anahamia kwa jirani. Choo cha jengo kiko juu, ufunguo anao mlinzi. Kumwomba mwanamume yule ufunguo, halafu akuangalie ukirudi, siwezi. Basi mchana sinywi maji. Chai nainywa nikifika nyumbani.

Miaka miwili iliyopita wifi yangu, dadake mume wangu, alianza kuuza chai ya kusafisha tumbo. Boksi la kwanza nilinunua ili kumuunga mkono tu. Nikanywa usiku, na alfajiri, kabla hata foleni haijaanza, nikapata choo mpaka machozi yakanitoka kwa ile nafuu. Wifi akaniambia huo ni uchafu wa miaka mingi, kwamba kila mtu hutembea na kilo kadhaa za uchafu ulioganda kwenye kuta za utumbo, na sumu yake ndiyo huleta chunusi, uchovu, hata kutoshika mimba. Nikawa mteja wake wa kudumu. Siku hizi kipakiti kimoja hakinisaidii, natia viwili au vitatu. Nisipokunywa, wiki inaweza kwisha bila choo. Nikinywa, tumbo linanisokota mpaka nashika ukuta.

Kilichonifanya niandike ni kwanza damu. Kwa miezi sasa naiona kwenye tishu. Ni nyekundu, mbichi, si nyingi, na kunauma kama nimekatwa na wembe. Mjomba wangu, kakake mama, alifariki kwa saratani ya utumbo, na yeye pia mwanzoni alisema ni bawasiri tu.

Halafu tumbo langu limefura. Mama mkwe alitutembelea Pasaka. Akanishika tumbo nikiwa nasonga ugali, akanyamaza, kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Mimi na mume wangu tumetafuta mtoto wa pili kwa muda mrefu. Sikumwambia kwamba si mimba. Sasa hupiga simu kila Jumapili kuuliza kama nakula vizuri, na mume wangu ameanza kuniletea mala jioni. Moyo unaniuma sana.

Mume wangu ni mtu mwema na anampenda dadake. Yeye ndiye aliyempa mtaji wa biashara hiyo wifi alipoachwa na mumewe, na chai hiyo ndiyo inayolipa karo ya watoto wake. Nikisema imenidhuru, nitakuwa nimemshtaki wifi mbele ya ukoo mzima. Nikienda hospitali kimya kimya, pesa tunazipanga pamoja, ataniuliza. Nikinyamaza, naogopa ile damu. Tena nasikia daktari huingiza kidole. Hilo peke yake limenizuia kufika hata langoni. Je, naweza kukataa?

Nianzie wapi, mshauri? Na je, ni kweli nimejaa uchafu?

Mwenye haya, Pipeline

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, asante kwa kuniandikia. Najua wengi watakaosoma barua yako watajiona ndani yake, maana jambo hili ni la kila mwili na ni wachache sana wanaolitaja.

Acha nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona linakutesa kuliko unavyosema. Hapana, hujajaa uchafu. Chakula ulichokula jana kilikaa tumboni saa chache, kikaingia kwenye utumbo mwembamba kwa saa nne hadi sita hivi, na humo mwili ukachukua karibu kila kitu chenye faida. Kilichobaki ni majimaji, nayo huingia kwenye utumbo mpana ambao una urefu wa kama mita moja na nusu. Kazi yake kubwa ni kufyonza maji. Kwa siku moja lita kama 9 za majimaji hupita matumboni, ukijumlisha unachokunywa, mate, nyongo na maji mengine ya mwili, na yanayotoka na choo ni mililita 100 hadi 200 tu. Safari ya utumbo mpana huchukua siku moja, mbili, hata tatu kwa mtu mzima wa afya.

Choo chenyewe robo tatu ni maji. Sehemu kubwa ya kilichosalia ni bakteria, hai na waliokufa, pamoja na nyuzinyuzi za mboga na nafaka na seli za utumbo zilizobanduka. Hata rangi yake ina asili ya heshima: chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, mwili ukazivunja, na ini likayatoa mabaki yake kwa njia ya nyongo. Ngozi ya ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Sasa huo uchafu wa tangu bwenini ungegandia wapi? Madaktari wanaoutazama utumbo kwa kamera baada ya mgonjwa kunywa dawa ya kuharisha hukuta kuta za rangi ya waridi, zinang'aa. Tafadhali liondoe hilo moyoni kabla hatujaendelea. Umekuwa ukijiona mchafu, na ukijiona mchafu ni vigumu kumwambia mtu yeyote lolote.

Kuhusu chai, lisome boksi. Chai nyingi za namna hii zina majani ya sanamaki, au mmea unaofanya kazi kama huo. Sanamaki huuchokoza utumbo mpana ujikaze na huzuia maji yasifyonzwe, na huchukua saa 6 hadi 12 kufanya kazi. Ndiyo maana ukinywa usiku unaitika alfajiri. Ni dawa halali, hata hospitali huitumia. Ninachokihofia ni kwamba hujui kiasi kilichomo kwenye kila kipakiti, hujui kimechanganywa na nini, umeongeza dozi mwenyewe, na umeitumia miaka miwili bila mtu kukuangalia. Kuharisha mara kwa mara huupokonya mwili maji na potasiamu, na potasiamu ikipungua sana misuli hulegea na moyo wenyewe unaweza kupiga vibaya. Huo msokoto unaokushikisha ukuta ni utumbo unaochapwa ufanye kazi.

Na kuna jambo ambalo pengine wifi mwenyewe halijui. Chai ikishakomba kila kitu, utumbo mpana hubaki mtupu, na huhitaji siku mbili tatu kujaa tena. Kutopata choo siku hizo ni kawaida kabisa, hakuna kitu cha kutoka. Lakini wewe unahesabu siku, unaingiwa na hofu, unakunywa tena. Nakuuliza kwa upole: ile wiki uliyokaa bila choo, uliianza kuihesabu lini? Siku ya kwanza baada ya kuharisha? Watu wengi wameaminishwa kwamba asiyeenda kila siku ni mgonjwa. Madaktari huchukulia kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki kuwa ni kawaida, alimradi choo si kigumu na hukamui. Kuna hata chati iliyotengenezwa Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1997, inayogawa choo kwa aina 7, kuanzia gololi ngumu zilizotengana hadi maji matupu. Aina ya tatu na ya nne, mfano wa soseji laini, ndizo zinazotafutwa. Umbo humwambia daktari mengi kuliko hesabu ya siku, kwa hiyo ukienda kumwona, mweleze umbo.

Sasa nirudi kwenye sentensi yako moja: naingia, nachuchumaa, kila kitu kinafunga. Dada, hapo umeeleza ugonjwa wako vizuri kuliko vitabu. Choo kikishuka kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo, kuta zake hutanuka na mwili hupiga hodi. Mlango wa ndani hulegea wenyewe bila kukuuliza. Wa nje uko chini ya amri yako. Ukiukaza, hodi inapoa baada ya muda, choo kinabaki pale, na maji yanaendelea kufyonzwa mpaka kinakuwa kigumu. Fanya hivyo miaka na miaka, puru huzoea kujaa na hodi huwa dhaifu mpaka huisikii. Zaidi ya hapo, misuli inayopaswa kulegea wakati wa kusukuma hujifunza kukaza. Hili lina tiba. Wapo wataalamu wa fiziotherapia wanaoshughulikia misuli ya nyonga, na kazi yao ni kuifundisha upya, polepole, kulegea kwa wakati wake. Hakuna kiasi cha chai kinachoweza kufundisha hilo.

Utaona basi kwamba hadithi yako ilianza kabla wifi hajauza hata boksi moja. Ninasema hivi kwa sababu ya kile unachokiita kumshtaki. Umejiwekea njia mbili tu, unyamaze au useme chai imekudhuru. Lakini ukweli wako mrefu zaidi ya chai. Unaweza kumwambia mume wako kwamba tangu shuleni umekuwa ukijizuia, kwamba choo cha korido kinakutia haya, kwamba unaumia na unaona damu na unataka kupimwa. Hapo hakuna aliyeshtakiwa. Chai itaingia kwenye mazungumzo kwa mlango wake, kama dawa uliyojaribu.

Hata hivyo sitaki kukufanya uone ni rahisi. Mume anayempenda dadake anaweza kwenda moja kwa moja kwake na simu mkononi, na jioni hiyo ukoo wote ukajua habari za tumbo lako. Wewe ndiye unayemjua. Kama ni mtu wa kuhifadhi neno, mwombe hivyo kabla hujaanza: haya ni yangu, naomba yabaki chumbani. Kama sivyo, kuna wanaoamua kwenda kituo cha afya kwanza na kuzungumza baadaye wakiwa na majibu mkononi. Hatari ya njia hiyo ni hii: nyumba inayongojea mimba, mke akienda hospitali kwa siri, na mume akagundua, anaweza kuwaza mambo mabaya kuliko ukweli. Sikuchagulii. Nakuomba tu upime ni lipi utaweza kulieleza kesho yake.

Wifi pia ni mwanamke aliyeachwa na watoto wa kulisha. Sioni dalili katika barua yako kwamba alikutakia mabaya. Huenda yeye mwenyewe anainywa, na huenda wateja wake wengine wanaumwa kama wewe wakinyamaza. Siku moja, ukiwa umetibiwa, mnaweza kukaa wawili umweleze yaliyokupata. Anaweza kukasirika, na anaweza pia kuanza kuwaambia wateja wasinywe kila siku. Halina haraka hilo. Damu ndiyo yenye haraka.

Kabla ya damu, kuna swali ambalo barua yako imeliruka. Unasema tumbo si mimba. Umepima? Hukunieleza habari za hedhi yako. Mimba yenyewe hulegeza mwendo wa utumbo na kufunga choo, na wapo wanawake waliopata hedhi isiyotabirika wakadhani haiwezekani. Kipimo cha mkojo ni cha bei nafuu na duka la dawa lolote la mtaani kwenu linacho. Kama una mimba, daktari anahitaji kujua kabla ya kukupa dawa yoyote, na hiyo chai uiweke kando kwanza. Kama huna, bado tumbo lililofura lisibebeshwe choo peke yake. Uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, unaoitwa faibroidi, ni wa kawaida sana kwa wanawake wetu, hulifanya tumbo lijae, huweza kuubana utumbo, na pengine kuchelewesha mimba. Tezi ya shingo ikilegea kazi, choo hufunga. Vidonge vya chuma vya kuongeza damu, baadhi ya dawa za presha na za kutuliza asidi, vyote hufunga choo. Andika kila unachomeza.

Kuhusu mama mkwe, ninasikia uchungu ulio katika hiyo simu ya Jumapili. Kila wiki inayopita anajenga matumaini zaidi. Hulazimiki kumweleza habari za choo. Ukishapima, mume wako anaweza kumwambia mamake kwamba bado mnasubiri na kwamba unatibiwa tumbo. Wakwe wengi huelewa wakiambiwa mapema, na huumia wakijua kwamba kila mtu alijua isipokuwa wao.

Sasa damu. Damu nyekundu mbichi juu ya tishu, yenye maumivu ya wembe, mara nyingi hutokana na mpasuko mdogo kwenye njia ya haja kubwa, unaosababishwa na choo kigumu. Bawasiri nayo hutoa damu kama hiyo, ila mara nyingi bila maumivu makali. Yote mawili hutibika. Lakini mimi sikuoni, na daktari mwaminifu hawezi kukuambia ni mpasuko bila kukutazama. Hospitali zetu hupokea wagonjwa wa saratani ya utumbo wenye miaka thelathini na arobaini, na wengine walikaa na neno bawasiri kwa muda mrefu kama mjomba wako. Muulize mama yako mjomba alikuwa na umri gani alipogunduliwa, na kama kuna mwingine katika ukoo wenu. Damu iliyochanganyika na choo, choo cheusi kama lami ilhali humezi vidonge vya chuma, kukonda bila sababu, kuishiwa damu, au choo kinachoanza kuwa chembamba na kubaki hivyo, ukiona mojawapo usingoje hata wiki.

Pa kwenda si mbali. Anza na kituo cha afya cha kaunti kilicho karibu nawe, au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na wakiona haja watakuelekeza Hospitali ya Kenyatta kwa kipimo cha kamera. Usiikatishe chai kwa ghafla peke yako halafu ukakaa ukihesabu siku kwa hofu. Mwambie daktari unataka kuiacha. Kuna dawa za kulainisha choo, kama laktulosi, ambazo huvuta maji kwenye choo bila kuuchapa utumbo, na zinaweza kukuvusha kipindi hicho.

Chakula na maji vina nafasi yao, ingawa mara nyingi watu huambiwa hilo tu na kufukuzwa mlangoni. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika na wenzake mwaka 1972 kwamba wanakijiji wa huko walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na Waingereza kama gramu 100. Tofauti kubwa aliiona kwenye nyuzinyuzi za chakula. Githeri, ndengu, managu, terere, nduma, viazi vitamu na maganda yake, uji wa wimbi, papai: hivi vyote unavipata sokoni Pipeline. Ongeza kidogo kidogo, maana ukivamia maharage wiki moja tumbo litafura zaidi ya sasa. Na unywe maji. Kwa mtu anayekunywa vya kutosha, kuongeza maji hakuleti tofauti kubwa, lakini wewe unakaa mchana kutwa mkavu, na utumbo mkavu hunyonya hadi tone la mwisho.

Hapo nakuja kwenye choo chenyewe, na nakiri nimekasirika. Mtu anajenga jengo la ghorofa nyingi, anakusanya kodi kila mwezi, kisha anaweka mlango usiofika chini. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya makazi bora na ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo inamtaka mwajiri awe na vyoo vya kutosha vinavyofaa. Najua ukiwa mpangaji au mfanyakazi wa pekee hutaenda kumsomea mtu sheria, kazi yenyewe ndiyo hiyo moja. Lakini wanawake wa ghorofa yenu wakienda pamoja kwa msimamizi wa ploti kuomba ubao wa kuziba pale chini, ni gharama ya fundi wa nusu siku. Sidhani kama ni wewe peke yako unayesubiri korido inyamaze.

Kwa sasa, tumia saa yako mwenyewe. Utumbo mpana huwa na nguvu zaidi asubuhi na baada ya kula, kwa kuwa tumbo likipokea chakula hutuma habari chini kwamba nafasi inahitajika. Amka kabla ya foleni, kunywa kitu cha moto, kula kidogo, ngoja kama nusu saa, kisha nenda hata kama husikii hodi. Fungulia bomba au mimina maji kwenye ndoo ukiwa ndani, yafunike sauti. Choo chenu cha kuchuchumaa kina faida moja kubwa: mkao huo hunyoosha kona ya puru ambayo msuli mmoja huikunja ili kutuzuia, na njia hufunguka. Mwenye choo cha kukalia hulazimika kutafuta kigoda cha miguu. Usikamue. Pumua, legeza tumbo, na isipokuja baada ya dakika tano hadi kumi, inuka uende zako bila kujilaumu.

Kazini, je, umewahi kumwambia mwenye duka waziwazi kwamba unahitaji dakika kumi baada ya chakula cha mchana? Barua yako inasema hataki kufunga. Haisemi kama umemwomba. Anaweza kukataa, na hapo utakuwa umejua msimamo wake. Anaweza pia kukubali uwe na ufunguo wako wa choo, usipite tena kwa mlinzi.

Na kile kidole. Ndiyo, unaweza kukataa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa akubali kwanza, baada ya kuelezwa. Unaweza kuomba daktari au muuguzi mwanamke, au kuomba muuguzi awepo chumbani. Ukikubali, utalala kwa ubavu wa kushoto ukiwa umekunja magoti, utafunikwa shuka, na daktari atatazama kwanza kwa macho. Mara nyingi mpasuko huonekana hapo hapo, na kukiwa na maumivu makali kidole huahirishwa mpaka upone kidogo. Kikiingizwa, huwa na glavu na mafuta ya kulainisha, na hakizidi dakika moja. Unaweza kusema basi wakati wowote. Hatari ya kukataa kabisa ni kwamba uvimbe ulio karibu, ambao kidole kingeugusa, unaweza kukaa bila kujulikana. Uamuzi ni wako, na unaweza kuufanya ukiwa pale pale chumbani baada ya kumsikiliza anayekuhudumia.

Ukienda, beba karatasi yenye majibu ya mama yako kuhusu mjomba, tarehe ya hedhi yako ya mwisho, na dawa zote unazomeza. Beba na boksi la chai lenyewe, daktari asome kilichomo.